Unyenyekevu wa Yijing si kujidunisha
Wengi wanaokisoma Yijing, kitabu cha kale cha Wachina cha kupigia ramli, hudhani kwamba alama yake ya 15 kati ya 64, iitwayo Qian, yaani unyenyekevu, humtaka mtu ajidunishe na kunyamaza hata anapodhulumiwa. Dhana hiyo ni ya zamani, lakini maandishi yenyewe hayaiungi mkono. Alama hiyo ya mistari sita huundwa na ishara ya mlima iliyokaa chini ya ishara ya ardhi: mlima haukubomolewa wala haukupungua kimo, ila haujitutumui. Maelezo ya taswira hiyo humwelekeza muungwana apunguze palipozidi, aongeze palipopungua, na apime vitu ili avigawe kwa haki, kazi ambayo, kwa maoni yangu, mtu asiyejithamini haiwezi. Tena, jambo ambalo wasomaji wenye haraka hulipita, maelezo ya mstari wa 5 na wa 6 wa alama hiyo yanaruhusu hata kutuma jeshi. Katika maisha ya kila siku, basi, mwenye kuufuata mwongozo huu hukamilisha kazi aliyoianza bila kujigamba, husema wazi palipo na dhuluma, na anapogawa chakula au sifa hutazama kwanza ni nani aliyepungukiwa.