Saa ya maikrokontrola: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Hapa Lamu maikrokontrola, yaani chipu ndogo za kompyuta zinazoendesha vifaa, ziko kwenye chaja za sola, kwenye pampu za visima na kwenye majokofu ya samaki, na vijana wanaoziandikia fimwea (programu inayokaa ndani ya chipu) wenyewe wanaongezeka. Nafurahi kuliona hilo. Lakini hitilafu nyingi wanazokuja nazo zina asili moja: wanaamini kuwa namba ya masafa waliyoiandika kwenye programu ndiyo masafa ya chipu. Namba hiyo ni dai tu. Saa yenyewe, yaani mapigo yanayoiongoza chipu, inatokana na osileta (kinachotoa mapigo), fyuzi (si za umeme, bali mipangilio ya chipu inayobaki hata umeme ukizimwa) na rejista (mahali programu inapoandika mipangilio), nayo ni lazima iwekwe kisha ipimwe.

Dhana: Nikiandika F_CPU kuwa 16000000, chipu itakwenda kwa 16 MHz

F_CPU, ile namba ya masafa kwenye programu, husomwa peke yake na kompaila, inayogeuza programu kuwa lugha ya chipu. Kwa namba hiyo inakokotoa ucheleweshaji na kasi ya mawasiliano, basi. Chipu haijui lolote kuihusu.

Chukua maikrokontrola ya ATmega328P mpya, ambayo haijaguswa tangu itoke kiwandani. Inatumia osileta yake ya ndani ya 8 MHz, na fyuzi iitwayo CKDIV8 huigawanya kwa 8, kwa hiyo inakwenda kwa 1 MHz. Ipachike kwenye bodi yenye kristali ya 16 MHz (kijiwe kinachotetemeka kwa kasi maalumu), uipakie programu iliyotayarishwa kwa 16 MHz, na taa uliyotaka iwake sekunde moja itawaka sekunde 16. Kristali iko pale pale, imeunganishwa vizuri, na chipu haiitazami kabisa. Kijana atashinda mchana kutwa akikagua msimbo usio na kosa.

Dalili ya kuitambua ni hii: muda ukikosewa kwa uwiano mkamilifu, mara 16, mara 8 au mara 9, usiguse msimbo kwanza. Kagua fyuzi na vigawanyo. Ila ukiiwekea fyuzi ya kristali ya nje ilhali bodi haina kristali, chipu haitaitika tena hata kwa programa (kifaa cha kuipakia programu). Wengi huitupa wakidhani imeungua. Haijaungua: ipe mapigo ya saa kutoka chanzo kingine kwenye pini ya XTAL1, nayo itaitika.

STM32F103, maikrokontrola nyingine, ina mambo yayo. Ikiwashwa huanza na osileta ya ndani ya 8 MHz, na kuifikisha 72 MHz kuna utaratibu: washa kristali ya nje ya 8 MHz, subiri itulie, iambie flashi (kumbukumbu ya programu) isubiri mapigo mawili kila inaposomwa, gawanya basi ya APB1 (njia ya data ndani ya chipu) kwa mbili kwa sababu haivuki 36 MHz, weka PLL, sakiti ya kuzidisha mapigo, izidishe kwa 9, subiri ijifunge, yaani itulie kwenye masafa hayo, ndipo uhamie humo. Ukihamia kabla ya kuiandaa flashi, kichakato kitasoma maagizo yasiyoeleweka na mfumo utakwama. Tena kwa chipu hii, ukiilaza katika hali ya Stop, inaamka ikiwa kwenye 8 MHz. Programu isiyorudisha PLL itafanya kazi vizuri hadi usingizi wa kwanza, kisha kila kitu kitakwenda polepole mara 9.

Dhana: Kristali ikiwa sahihi, UART haitasumbua

UART ni njia ya chipu kutuma na kupokea data biti moja moja. Hesabu huikataa dhana hii. Kwa 16 MHz, ukitaka biti 115200 kwa sekunde kwenye ATmega328P katika hali ya kawaida, saa inagawanywa kwa 16, kisha kwa namba kamili. Iliyo karibu zaidi ni 9, nayo inatoa 111111. Umepungukiwa kwa asilimia 3.5, na kristali haina lawama. Ukitumia hali ya kasi maradufu, saa inagawanywa kwa 8 badala ya 16, kigawanyo ni 17 na unapata 117647, yaani asilimia 2.1 zaidi.

Mpokeaji husoma biti ya mwisho akiwa amehesabu takriban biti tisa na nusu tangu fremu ianze, kwa hiyo tofauti ya pande mbili ikikaribia asilimia 5 anasoma biti isiyo yake. Upande wa pili ukiwa na kasoro yake ya asilimia 2, herufi za ajabu zitaanza kuonekana. Ndiyo maana kristali ya 14.7456 MHz ipo madukani: ukiigawanya kwa 128 unapata 115200 kamili. Au shuka hadi 9600. Kwa sensa ya tangi la maji inatosha kabisa.

Dhana: Kristali ya saa haikosei

Hili linatuhusu sana sisi wa pwani. Fikiria sanduku lililofungwa gatini kurekodi maji yanavyojaa na kupwa, likihesabu saa kwa kristali ya 32768 Hz. Kristali ya kawaida hukosea sehemu 20 kwa milioni, sawa na sekunde 1.7 kwa siku. Kwa mwaka ni kama dakika 10, na mwenye kulinganisha rekodi za bamvu za miezi tofauti ataona maji yamehama wakati ambapo ni saa iliyohama.

Ongeza jua. Kristali ya aina hii imetengenezwa kwa nyuzi 25 za Selsiasi. Ukipanda au kushuka kutoka hapo, yote mawili huichelewesha, kwa sehemu 0.034 kwa milioni zikizidishwa kwa mraba wa tofauti ya joto. Sanduku likifika nyuzi 55 tofauti ni 30, na ucheleweshaji ni kama sehemu 31 kwa milioni: sekunde 2.6 nyingine kila siku ya joto hilo.

Kisha kuna chumvi. Osileta ya 32768 Hz huendeshwa kwa umeme mdogo mno, na unyevu wa chumvi ukichanganyika na mabaki ya fluksi unapitisha mkondo kati ya pini zake mpaka inasimama. Safisha kwa spiriti, acha ikauke kabisa, paka vanishi ya bodi. Mimi ningetumia chipu ya saa ya DS3231, ambayo kristali na kipimajoto vimo ndani yake: kati ya nyuzi 0 na 40 haizidi sehemu 2 kwa milioni, dakika moja hivi kwa mwaka.

Ndani ya kumbukumbu hifadhi UTC, saa ya kimataifa. Saa tatu za Afrika Mashariki, na zile sita za kufikia saa ya Kiswahili, ziongezwe au zipunguzwe kwenye kioo tu.

Dhana: Weka ncha ya osiloskopu kwenye pini ya kristali, utaona masafa

Ncha hiyo ya osiloskopu, kifaa kinachochora mawimbi ya umeme, huongeza takriban pikofaradi 10, za kutosha kuivuta kristali au kuizima. Toa saa kupitia pini iliyotengwa kwa kazi hiyo: PB0 kwa ATmega328P baada ya kuweka fyuzi ya CKOUT, PA8 kwa STM32F103. Pima hapo.

Dhana: millis() ikijaa baada ya siku 49.7, mfumo huharibika

millis() huhesabu milisekunde tangu chipu iwashwe, na ikijaa hurudi sifuri. Mfumo huharibika ukilinganisha kwa kujumlisha. Toa muda wa mwanzo kutoka wa sasa kwa namba zisizo na alama ya hasi, na mzunguko utapita salama.

Dhana: Wochidogi hutumia saa ile ile ya programu

Kwenye STM32F103, wochidogi huru, kihesabio kinachoiwasha chipu upya programu ikikwama, ina osileta yake ya ndani, makusudi, ili iendelee kuhesabu hata kristali ikifa. Inatajwa kuwa ya 40 kHz lakini inaweza kuwa popote kati ya 30 na 60. Ukiipangia sekunde 4, inaweza kuiwasha chipu upya baada ya sekunde 2.7 au ikangoja hadi 5.3, kwa hiyo iguse, yaani irudishe mwanzo, kila sekunde mbili.