Eneo la beta katika ndege ya turbopropu

Anayetoka kwenye Cessna 172 (ndege ndogo ya injini ya pistoni) ya simyuleta ya kompyuta akaingia kwenye Cessna 208 Caravan, ile ndege ya injini moja ya turbopropu (turbini inayozungusha rafadha, yaani pangaboi la ndege) inayobeba watalii na abiria katika viwanja vidogo vya Tanzania na Kenya, mara nyingi huamini kwamba wenzo wake wa nguvu umeharibika. Anausukuma mbele angani na mzunguko wa rafadha haubadiliki. Anauvuta nyuma akiwa ardhini na ndege inakwenda kinyumenyume. Aghalabu kifaa chake ni kizima kabisa.

Eneo la beta ni ile sehemu ya mwendo wa wenzo, nyuma ya alama ya nguvu ya chini kabisa, ambamo rubani huamuru moja kwa moja pembe ya mapanga ya rafadha. Mbele ya alama hiyo, wenzo wa injini ya PT6A, ile ya Caravan, huongeza au kupunguza mafuta, nacho kidhibiti cha rafadha hugeuza pembe ya mapanga ili mzunguko ubaki pale ulipowekwa, usiozidi 1,900 kwa dakika katika Caravan. Kwa hiyo nguvu husomwa kwenye kipimo cha msokoto (nguvu ya kuzungusha rafadha), na huchelewa kidogo kwa kuwa sehemu ya injini inayozalisha gesi huhitaji muda wa kuongeza kasi. Ukivuta nyuma zaidi, mapanga hulala hadi yasisukume chochote, kisha hugeuka na kusukuma hewa mbele.

Katika ndege halisi kuna kizuizi cha chuma kwenye alama hiyo, na kuingia beta angani kumekatazwa. Wenzo wa plastiki wa mezani, unaotumika na simyuleta, mara nyingi hauna kizuizi hicho, na hapo ndipo matatizo mengi huzaliwa. Kwanza tazama mipangilio ya simyuleta: ikiwa mhimili (mwendo wote wa wenzo kama simyuleta inavyousoma) umepangiwa kuanzia nguvu ya kurudi nyuma hadi nguvu kamili, alama ya nguvu ya chini haitakuwa mwishoni mwa wenzo, bali mahali fulani katikati, na lazima uitafute ukiwa umeegesha huku ukitazama wenzo uliochorwa ndani ya chumba cha rubani. Wengine huona ni salama zaidi kuupa mhimili sehemu ya mbele tu, na beta wakaipa kitufe chake. Nami naupendelea mpango huo kwa kifaa kisicho na kizuizi. Ikiwa wenzo unatikisika kwenye alama yenyewe, panua kidogo eneo lisiloitikia, yaani sehemu ya mwendo wa wenzo ambayo simyuleta huipuuza. Ndege ikizama ghafla wakati wa kukaribia kutua, angalia kwanza kama wenzo umepita alama hiyo.