Si viatu vilivyoizuia India mwaka 1950

Kuna ujumbe hauishi kuzunguka kwenye magrupu: eti India ilikatazwa kucheza Kombe la Dunia la 1950 kule Brazil kwa sababu wachezaji wake walicheza pekupeku. Si kweli, na tafadhali ukitumiwa usiusambaze. Nafasi walikuwa nayo. Viongozi wao wa soka ndio walioamua kutokwenda. Safari ya meli ilikuwa ndefu, maandalizi haba, na Olimpiki ndiyo waliyoithamini zaidi.

Mkanganyiko unaeleweka. Kwenye Olimpiki ya London, 1948, wengi wa wachezaji wa India waliikabili Ufaransa bila viatu, wakakosa penalti mbili, wakafungwa 2-1. Picha zile hazisahauliki.

Kagua mwenyewe kumbukumbu za Olimpiki ya Helsinki, 1952: miaka miwili baada ya hilo “katazo”, baadhi yao bado walicheza pekupeku, kwenye baridi.