Mpiga mikwaju, sawa. Mpiga penalti, hapana

Super Bowl, fainali ya futiboli ya Marekani, huanza saa nane na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki, Jumatatu inapoingia. Wanaokesha kuitazama ni wachache, na asubuhi huwasimulia wenzao huku wakipiga miayo. Nadhani kosa linazaliwa hapo. Nimeshalisikia mara nyingi mno sasa: "Yule jamaa wa penalti akafunga, mechi ikaisha." Hakukuwa na penalti yoyote.

Maana yenyewe haina mambo mengi. Kika, katika futiboli ya Marekani, ni mchezaji ambaye kazi yake ni kuupiga mpira kwa mguu upite kati ya nguzo mbili, juu ya mtambaa panya. Akifaulu, timu yake inapata pointi 3; akipiga baada ya wenzake kupata tachidauni (yaani kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa wapinzani), pointi 1. Kwa kawaida ndiye pia anayeanzisha mchezo. Panta ni mwingine: yeye huudondosha mpira kutoka mikononi na kuuchapa kabla haujagusa nyasi, ili wapinzani waanze mbali. Huyo hafungi.

Sasa hii penalti. Kwenye soka, penalti ni adhabu: mtu kacheza rafu ndani ya boksi, mpira unatengwa, anabaki mpigaji na kipa, wengine wote wanatoka nje. Futiboli ya Marekani nayo ina penalti, kwa jina hilohilo, ila kule ni kitambaa cha njano ambacho refa hurusha uwanjani, na malipo yake ni yadi. Timu iliyokosea mara nyingi inasogezwa nyuma yadi 5, 10 au 15. Kwa hiyo ukimwambia mtu wa kule kwamba ushindi umetokana na penalti ya kika, atadhani kika kafanya kosa, na atashangaa timu yake imeshindaje.

Mkwaju wa kika haumwadhibu mtu. Timu ina nafasi nne za kusogea yadi 10. Ikifika ya nne na bado haijatimiza, kocha anapima umbali, anamwita kika. Mtu mmoja anainama na kuurusha mpira kinyumenyume kati ya miguu yake, yadi 7 au 8. Mshikaji (si mshikaji wako wa mtaani, huyu anashika kweli) amepiga goti. Anaudaka, anausimamisha, anaugandamiza juu kwa kidole, nyuzi zikielekea golini. Kika keshaanza hatua zamani. Yote hayo ni sekunde moja na kidogo, na watu 11 wanakuja mbio mikono juu. Hiyo ni penalti gani?

Wengine huuliza kwa kejeli mbona unaitwa mpira wa miguu wakati unachezwa kwa mikono. Hapa ndipo utamu ulipo. Futiboli ya Marekani ni mtoto wa raga, na katika raga ya karne ya 19 kuufikisha mpira nyuma ya mstari wa wapinzani hakukupi pointi hata moja. Kulikupa haki ya kujaribu kupiga golini, ndiyo maana hadi leo wanaraga wanaita trai, yaani jaribio. Marekani, Walter Camp, mmoja wa waasisi wa mchezo huu, na wenzake walipopanga pointi mwaka 1883, goli la mguu kutoka uwanjani lilipewa 5, tachidauni 2 tu. Baadaye mguu ukashushwa: pointi 4 mwaka 1904, kisha 3 mwaka 1909. Tachidauni ikapanda hadi 6 mwaka 1912. Kwa hiyo kika si mgeni aliyeazimwa kutoka soka. Ni mwenye nyumba aliyebakishiwa chumba cha uani.

Na chumba chenyewe hakina mkataba wa kutegemea. Kika Adam Vinatieri hakuchaguliwa na timu yoyote alipomaliza chuo. Alipitia timu ya Amsterdam ndipo akaingia NFL, ligi kuu ya mchezo huo Marekani, mwaka 1996. Akadumu misimu 24 na kuondoka na pointi 2,673. Gary Anderson, mzaliwa wa Afrika Kusini, alipiga magoli 35 kati ya 35 katika msimu wa kawaida wa 1998 akiwa Minnesota. Mechi moja kabla ya Super Bowl akakosa moja, la umbali wa chini ya yadi 40, Atlanta wakasawazisha na kushinda katika muda wa nyongeza. Ukitaja jina lake leo, watu wanakumbuka lile moja.

Nikiri kitu, kipo kinachokaribia frikiki: mchezaji akiudaka mpira wa panta baada ya kupunga mkono kuomba asiguswe, timu yake inaweza kupiga golini bila kuingiliwa. Mwaka 2024 Cameron Dicker, kika wa timu ya Chargers, alifunga hivyo kutoka yadi 57, na hilo halikuwa limetokea NFL tangu 1976. Hata hilo si penalti.

Nafikiri neno lililotuponza ni mkwaju. Kwanza ni mti wa ukwaju, kisha fimbo (nani hajachapwa mikwaju?), halafu shuti kali. Watangazaji wakazoea kusema "mikwaju ya penalti", tukadhani hayo maneno mawili ni pacha. Mkwaju ni pigo tu, hauhitaji kosa la mtu. Kwa hiyo ndugu yangu uliyekesha, mwite kika mpiga mikwaju, sina ugomvi. Hiyo penalti mwachie refa na kitambaa chake.