Zafarani ya uongo kwenye theluji

"Mwanangu, zafarani yote hii mwaiacha ioze na theluji?"

Ndivyo alivyonianza bibi mmoja wa kutoka Mombasa, jirani yangu hapa Minneapolis, kaskazini mwa Marekani, asubuhi moja ya mwanzo wa Aprili. Alikuwa amevaa koti zito juu ya dira, miguuni mabuti ya mwanawe, ameinama kwenye ukuta wa kusini wa nyumba yangu. Pale krokasi zilikuwa zimeshatoboa theluji, vikombe vidogo vya zambarau, na ndani ya kila kikombe vinyuzi vya rangi ya chungwa. Nilimwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho. Mkono ulishaanza kuchuma.

Ilibidi nimvunje moyo. Krokasi hizi na zafarani ni ndugu kweli, jenasi moja, ila zafarani ya biriani ni *Crocus sativus*, na yenyewe huchanua Oktoba, majani ya miti yakianza kupukutika. Vinyuzi vyake ni vyekundu, virefu, vinaning'inia hadi nje ya petali. Hizi zangu ni *Crocus vernus* na *Crocus tommasinianus*, za mwisho wa baridi, na vinyuzi vyake ni vya kutazama tu. Halafu kuna ua la tatu linalofanana nazo, *Colchicum*, nalo ni sumu kali inayoua mtu. Ukitaka kuzitofautisha, hesabu stameni, vile vijiti vya ndani vyenye chavua: krokasi ina tatu, *Colchicum* ina sita. Nilimwambia asichume kitu chochote cha umbo hilo bila kuhesabu.

Akasonya. "Sasa ikiwa hailiwi, ya nini kuipanda kwenye baridi hii?"

Swali hilo naulizwa sana, si na yeye tu. Nilisomea kilimo cha bustani Morogoro, na mwaka wangu wa kwanza huku nami nilijiuliza hivyohivyo nilipopewa sepetu na magunia ya vitunguu vya maua nikaambiwa nivifukie Oktoba, wiki chache kabla ardhi haijaganda kama saruji. Na inaganda hasa. Kusini mwa Minnesota, jimbo letu hili, sheria za ujenzi zinataka msingi wa nyumba uende chini zaidi ya mita moja, usije ukanyanyuliwa na udongo unaovimba kwa barafu. Nilidhani tajiri ana fedha za kuchezea.

Nilibadili mawazo siku mzee niliyekuwa nafanya naye kazi alipochukua kitunguu cha tulipu na kukipasua kwa kisu toka juu hadi chini. Ndani, katikati ya yale maganda manene meupe, palikuwa na ua. Si mfano wa ua, ni ua lenyewe, dogo kuliko punje ya mchele, petali na stameni zote mahali pake, limekaa wima. Ilikuwa Oktoba, na ua la Mei lilikuwa limeshaumbwa. Tulipu huliumba mwishoni mwa kiangazi, majani yakishakauka. Narsisi, ua la manjano lenye tarumbeta katikati, huanza mapema zaidi, hata kabla ya hapo. Kwa hiyo anayefukia kitunguu hapandi mbegu akangoja bahati yake. Anafukia mzigo uliokwisha kufungwa.

Nimesema "kitunguu" kwa sababu sina neno zuri zaidi, na kwa tulipu na narsisi linafaa: ukikata unakuta matabaka, sawa na kitunguu cha jikoni. Krokasi sivyo. Ikate uone, ni nyama tupu toka ukingo hadi ukingo, mfano wa jimbi. Wataalamu wa mimea huziweka kundi moja na majimbi kwa umbo hilo: ni shina lililovimba, si majani yaliyofungamana. Kwa mkulima tofauti ni ndogo, zote ni ghala. Ila ghala la krokasi huliwa likaisha kila mwaka, na jipya hukua juu ya lile la zamani.

Sasa baridi. Watu wengi hudhani mimea hii inaivumilia. Inaihitaji. Tulipu inataka wiki kama 14 hadi 16 za ubaridi, chini ya nyuzi 9 hivi, ndipo shina lake liweze kurefuka. Katika muda huo wanga uliomo kwenye ghala unageuzwa polepole kuwa sukari, na maji yenye sukari hayagandi upesi kama maji matupu. Ndiyo maana kitunguu hakipasuki. Wiki hizo zisipotimia, unapata majani, na ua, likitoka, limekwama chini kana kwamba limekaa kitako. Na ndivyo mmea unavyojizuia usidanganyike: Januari ikileta siku tatu za jua, watu wanavua makoti, kitunguu kinabaki kimya. Hesabu yake haijatimia.

Sisi tuliokulia Tanga tunaujua ujanja huu, ila kwa upande wa pili. Lile ua jekundu la mviringo kama mpira, linalochomoza peke yake bila jani mvua za kwanza zikigusa ardhi, *Scadoxus multiflorus*, nalo lina kitunguu chini. Linalala ukame kama hizi zinavyolala baridi. Na ni ukoo mmoja na narsisi na galanti nitakayoifikia mbele, ukoo ambao siku hizi umeingizwa pia kitunguu maji na kitunguu saumu.

Dada yangu aliyeko nyumbani huniuliza kila mwaka kama anaweza kupata tulipu. Anaweza, kwa friji. Anunue vitunguu kwa muuzaji mwenye kibali cha kuviingiza nchini, aviweke kwenye mfuko wa karatasi sehemu ya mboga kwa wiki 14, kisha apande kwenye chungu mahali pa ubaridi. Atapata ua mara moja, basi. Mwaka wa kwanza aliniletea malalamiko kwamba majani yametoka ila ua limekauka likiwa ndani bado. Nikamuuliza, kwenye friji viliwekwa na nini? Na ndizi na maembe. Hapo hapo. Unajua tunavyovundika ndizi: zinafunikwa pamoja, zinatoa hewa yao, hewa hiyo inaziivisha zote. Hewa hiyohiyo, ethilini, hulinyausha ua la tulipu likiwa bado tumboni. Friji ya tulipu isiwe na tunda linaloiva.

Kosa langu mwenyewe lilikuwa kubwa kuliko hilo. Mwaka 2018 nilipanda vyungu viwili vizuri sana vya tulipu na muskari, maua madogo ya buluu, nikaviacha barazani, nikijisemea zinataka baridi, wacha zipate. Tarehe 30 Januari 2019 kipimajoto cha uwanja wa ndege hapa kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Aprili nilipochimbua nilikuta uji wa kahawia wenye harufu ya kitunguu kilichosahauliwa kwenye kapu. Vilivyokuwa ardhini, hatua nne kutoka hapo, vyote vilitoka. Ardhi ina joto lake linalopanda kutoka chini, na theluji ni blanketi. Chungu kinapigwa pande zote. Siku hizi vyungu vyangu hulala kwenye banda lisilo na joto, nimevizungushia magunia ya majani makavu.

Blanketi hilo lina shida yake Machi, linapotoka na kurudi. Udongo ukiganda usiku na kuyeyuka mchana, unavimba na kunywea, na mara vitunguu vilivyopandwa juujuu vinasukumwa nje kama jino la mtoto. Kwa hiyo chimba. Kanuni ya zamani ni kina mara tatu ya urefu wa kitunguu: tulipu sentimita 15 hadi 20, krokasi 8 hadi 10. Matandazo yawekwe baada ya ardhi kuganda, kazi yake ni kuizuia isiyeyuke ovyo. Ukiyaweka mapema umewajengea panya nyumba.

Na angalia mahali. Mwishoni mwa Machi tembea kwenye bustani yoyote huku utaona kila mti umezungukwa na duara la ardhi tupu, theluji imeanza kuyeyuka hapo. Gome jeusi linanasa jua na kulirudisha chini. Galanti, ndogo nyeupe inayoinamisha kichwa, mimi huzipanda kwenye maduara hayo, upande wa kusini wa shina. Baridi ikirudi usiku zinalala chini kabisa, zimelegea kama mchicha uliochemshwa, na mgeni ataapa zimekufa. Saa nne jua likizipata zinasimama. Kutokana na jamaa hizo ndiko kulikopatikana galantamini, dawa wanayopewa wagonjwa wa Alzheimer, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ingawa haimaanishi mtu atafune ua.

Baada ya krokasi na galanti huja skila, *Scilla siberica*, na hapa nina ugomvi. Ni nzuri, sikatai. Buluu yake huwezi kuipata kwenye ua lingine la Aprili, na chavua yake pia ni ya buluu. Chuchumaa karibu na nyuki anayetoka humo utaona miguu ya nyuma imebeba vidonge viwili vya buluu iliyofifia, kama amepita kiwandani. Lakini skila haina adabu. Inajimwagia mbegu, inavuka uzio, inaingia msituni na kutandaza zulia mahali pa maua ya asili ambayo nayo yana wiki chache tu za jua kabla miti haijafunga majani. Minnesota ina ua moja, *Erythronium propullans*, ambalo haliishi kwingine kokote duniani isipokuwa kwenye wilaya chache za kusini mwa jimbo hili, kwenye misitu ya aina hiyohiyo. Tangu nilipolijua hilo, anayeishi jirani na msitu au bonde simpandii skila, hata aongeze malipo.

Wezi ni kuchakuro. Wanakutazama ukipanda, na ukishika njia kurudi nyumbani wanaanza kufukua. Nimejaribu pilipili, mvua ikaiosha. Kinachofaa ni wavu wa banda la kuku, ulazwe juu ya kitalu na kufunikwa udongo kidogo, majani yatapita kwenye matundu. Au panda narsisi, ambazo hawazigusi kwa kuwa ni sumu, na kulungu nao wanazipita. Sumu hiyo inahusu na jikoni kwetu: kitunguu cha narsisi kinafanana mno na kitunguu cha kawaida, na ukikikaanga kitakutapisha. Usivihifadhi kwenye kapu moja. Tulipu ndiyo iliyowahi kuliwa, Uholanzi, kwenye baridi ya njaa ya 1944 na 1945, nao waliokula hawaisimulii kwa hamu.

Kazi kubwa huja maua yakiisha, wakati ambapo hakuna anayetaka kutazama bustani. Majani yanabaki, marefu, yanalegea, yanageuka manjano, yanachafua mandhari. Kila Mei napigiwa simu: njoo uyakate. Siyakati. Wengine huyafunga mafundo au kuyasuka kama nywele ili yaonekane nadhifu, nao wanayanyima jua. Jani hilo ndilo linalopika chakula cha kujaza ghala na kuumba ua la mwakani, na linahitaji wiki sita hivi. Likikatwa wiki ya pili, mwakani utanilaumu mimi na aliyekuuzia vitunguu. Tulipu kubwa za rangi za ajabu hufifia hata ukizitunza vizuri, mimi huwaambia wateja wazihesabu kuwa za mwaka mmoja au miwili. Anayetaka zinazodumu apande *Tulipa tarda*, fupi, ya manjano na nyeupe, asili yake milima ya Asia ya Kati yenye baridi na kiangazi kikavu. Au narsisi, zinazoweza kukuzika.

Vitabu vya shule vilitufundisha kuyaita haya majira ya kuchipua. Wengine huandika "masika", na zamani nilikuwa nawacheka, ila ukiingia kwenye kitalu cha Minneapolis katikati ya Aprili, tope limekushika kifundo cha mguu, utakubali hawakukosea sana.

Yule bibi nilimwambia haya yote, kwa ufupi kidogo, tukiwa tumesimama baridini. Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Na ile yenyewe, ya Oktoba, haioti huku?"

Huku ni taabu, baridi yetu inaizidi nguvu. Lakini Agosti nilimpelekea vijimbi kumi vya *Crocus sativus*, akavipanda kwenye karai la plastiki alilolitoboa matundu, akaliweka dirishani upande wa jua. Gramu moja ya zafarani kavu hutaka maua kama 150, nikamtahadharisha asialike watu. Mwishoni mwa Oktoba yalichanua manne. Akachuma kwa vidole viwili, asubuhi kabla jua halijayachosha, vinyuzi 12, akavikausha juu ya karatasi kwenye kabati la vyombo. Ijumaa akanipigia simu nije nione. Alikuwa amevitia kwenye kikombe cha maziwa ya vuguvugu, na maziwa yalikuwa yameanza kugeuka manjano kutoka chini kwenda juu. Wali ulikuwa jikoni unangoja kunyunyiziwa.