Mawe ya Piramidi ya Khufu Yalipandishwaje?

Taja piramidi mbele ya watu kumi, na swali litakalofuata ni lile lile: wale watu, bila kreni na bila vyombo vya chuma, waliyapandishaje mawe yale? Swali ni zuri sana. Yanayoniumiza ni majibu, maana mengi humnyima Mmisri wa kale hata sifa ya kutumia akili.

Wengi huanza na picha ya jiwe kubwa kama basi likipelekwa kileleni, kisha jingine, na jingine. Hapo ndipo kosa la kwanza lilipo. Piramidi Kuu ya Giza, iliyojengwa kwa ajili ya Firauni Khufu yapata mwaka 2560 KK, ilikuwa na kimo cha mita 146 hivi, na kila upande wa msingi wake ni kama mita 230. Inakadiriwa ina mawe milioni 2.3, kwa wastani tani 2.5 kila moja. Lakini umbo lenyewe humsaidia fundi: pana chini, jembamba juu. Piga hesabu ya ujazo uone mwenyewe: nusu ya mawe yote imo katika mita 30 za kwanza. Ukifika theluthi ya kimo, asilimia 70 ya mawe yamekwisha kupangwa. Hata yale maboriti ya graniti juu ya chumba cha mfalme, ambayo makubwa yake yana makumi ya tani, hayakufika nusu ya kimo. Kileleni yalikwenda mawe machache tu.

Dhana nyingine ni ya tuta moja lililonyooka kutoka jangwani hadi kileleni. Kwa mwinuko wa mita moja kila mita kumi, tuta hilo lingehitaji urefu wa karibu kilomita moja na nusu, na kulijenga kungekuwa mradi mwingine mkubwa sawa na piramidi. Ndiyo maana wataalamu wengi huona mbinu zilichanganywa: tuta fupi kwa sehemu ya chini, njia zinazozunguka ubavuni kwa sehemu ya juu, na pengine nyenzo za mbao za kuinulia mawe mwishoni. Msanifu Mfaransa Jean-Pierre Houdin alipendekeza njia inayozunguka ndani kwa ndani ya piramidi. Ni wazo la kuvutia, ila halijathibitishwa. Uwazi mkubwa ndani ya piramidi uliotangazwa mwaka 2017 na ujia wa mita 9 uliothibitishwa mwaka 2023 havijaonyesha njia hiyo.

Mimi huvutiwa zaidi na Hatnub, machimbo ya alabasta katika jangwa la mashariki mwa Nile. Mwaka 2018 wanaakiolojia walitangaza kwamba wamepata huko njia ya mwinuko mkali ya enzi za Khufu, yenye ngazi pande zote mbili na mashimo ya nguzo. Kamba ikizungushwa kwenye nguzo, kundi moja linaweza kuvuta kutoka juu huku jingine likivuta likishuka. Njia ikiweza kuwa kali, inaweza pia kuwa fupi. Ni kweli, pale jiwe lilikuwa likitolewa shimoni, si kupandishwa kwenye piramidi. Lakini hatuna haja tena ya kukisia kama mafundi wa zama zile waliijua mbinu hiyo.

“Mawe yaliviringishwa juu ya magogo,” wengine husema. Picha ya wazi tuliyo nayo inaonyesha kitu kingine. Katika kaburi la Djehutihotep, gavana wa jimbo la Misri, la miaka zaidi ya 600 baada ya Khufu, watu 172 wanavuta sanamu kubwa iliyofungwa juu ya sleji, yaani chombo cha mbao cha kuburuta mizigo, kisicho na magurudumu, na mtu mmoja amesimama mbele akimimina maji. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ni ibada tu. Mwaka 2014 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walipima: mchanga ukilowa kiasi, nguvu ya kuvuta hupungua kwa takriban nusu. Mkavu hujikusanya mbele ya sleji na kuizuia. Ukizidisha maji, faida inapotea.

Kuhusu dai kwamba piramidi zilijengwa na viumbe wa angani, sitakaa sana. Nendeni Dahshur, kusini mwa Giza, mkaione piramidi ya Sneferu, baba yake Khufu: ilianza na mwinuko wa nyuzi kama 54, kisha katikati ikapunguzwa hadi 43. Huyo ni fundi aliyeona hatari na kurekebisha.

Na dai kwamba wajenzi walikuwa watumwa wa Kiisraeli? Kitabu cha Kutoka kinataja matofali na miji ya kuwekea hazina, Pithomu na Ramesesi. Piramidi hakitaji. Waliojenga piramidi za Giza walizikwa kando ya kazi yao, na makaburi yao yalianza kugunduliwa mwaka 1990. Mifupa mingine ilikuwa imevunjika na kuunga vizuri, ishara kwamba walitibiwa.

Mmoja wa waliofanya kazi hiyo ameacha hata maandishi. Mafunjo yaliyopatikana Wadi al-Jarf, bandari ya kale katika pwani ya Bahari ya Shamu, mwaka 2013 yana kumbukumbu za Merer, msimamizi wa watu kama 40 waliosafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka machimbo ya Tura hadi Giza. Siku kwa siku ameandika walikolala, walikopakia, na siku waliyofika na mzigo chini ya piramidi ya mfalme wao.