Je, wajua kwa nini kosa katika jalada la mwanajeshi mstaafu halifutwi?

Swali hili lilinijia kupitia kwa mzee mmoja jirani yangu mtaani Umoja, hapa Nairobi, aliyeingia jeshini mwaka 1969. Cheti chake cha kuacha jeshi kina makosa mawili. Jina la baba yake limeandikwa kwa herufi ambazo hakuna mtu wa ukoo wao anayezitumia, na mwaka wake wa kuzaliwa ni 1947 ilhali kitambulisho chake kinasema 1950. Aliniomba nimsaidie kuandika barua ya kuomba marekebisho. Niliiandika, nikaambatisha nakala ya kitambulisho na hati ya kiapo, kisha nikamhakikishia kwamba karani atalifungua jalada, atafuta kilichokosewa na kuandika kilicho sawa, na shughuli itaishia hapo. Jibu lilipokuja lilisema kwamba ushahidi hautoshi.

Nilikuwa nimekosea katika msingi wenyewe wa jambo, na nimekuja kugundua kwamba watu wengi hukosea hapo hapo. Nilidhani jalada la utumishi ni maelezo ya mtu alivyo, kama kitambulisho kilivyo, na kwamba maelezo yakiwa si sahihi yanabadilishwa. Kumbe jalada ni kumbukumbu ya kile ambacho jeshi liliambiwa, likakiandika na kukitegemea siku fulani. Siku ile karani aliandika 1947. Hata kama mzee alizaliwa 1950, ni kweli pia kwamba jeshi liliandika 1947, na ukweli huu wa pili haufutiki kwa sababu wa kwanza umethibitishwa.

Yeyote aliyewahi kuwa katika chama analijua daftari la mweka hazina. Tuseme mwanachama ameleta shilingi 500, ikaandikwa 50. Mweka hazina anayeijua kazi yake hachukui rangi nyeupe ya kufutia. Anapiga mstari mmoja mwembamba juu ya 50, namba ya zamani ikiwa bado inasomeka, anaandika 500 kando yake, anatia sahihi na tarehe, na katibu naye anatia sahihi yake. Ukurasa mmoja ukikwanguliwa, wanachama hawataushuku huo peke yake. Wataanza kuzitazama kurasa zote kwa jicho lingine. Lakini kuna sababu nzito zaidi. Ikiwa gawio la mwisho wa mwaka lilipigwa kwa hesabu ya 50 na tayari limelipwa, basi ukiifuta 50 gawio lile litakosa maelezo, na atakayelisoma daftari miaka kumi baadaye ataona mwanachama aliyeleta 500 akalipwa kama aliyeleta 50, na atadhani aliibiwa. Namba yenye kosa ndiyo inayoeleza kwa nini mambo yaliyofuata yalikwenda yalivyokwenda.

Jalada la mwanajeshi limejaa hesabu za namna hiyo. Umri unagusa sharti la kuandikishwa, tarehe ya kustaafu na, kupitia hiyo, malipo ya uzeeni. Jina linagusa warithi na nishani. Ukibadilisha mwaka wa kuzaliwa kimyakimya, unaweza kumfanya mtu aonekane kuwa aliandikishwa akiwa mtoto, au kwamba alistaafishwa kabla ya wakati wake bila sababu. Kwa hiyo marekebisho huja kama karatasi ya ziada. Marekani mfumo huu uko wazi: cheti cha kuacha jeshi kinaitwa fomu ya DD 214, na kosa lake linaporekebishwa hutolewa karatasi nyingine, DD 215, inayosomwa pamoja na ile ya kwanza. Ombi zito zaidi hupelekwa kwa fomu ya DD 149 mbele ya bodi ya kurekebisha kumbukumbu za kijeshi, ndani ya miaka 3 tangu kosa kugunduliwa, ingawa bodi inaweza kuusamehe muda huo kwa ajili ya haki.

Kutokana na hayo linazaliwa swali ambalo sikulijua nilipoandika barua ile: je, maandishi yalikuwa na kosa siku yalipoandikwa, au yalikuwa sawa na maisha ya mtu ndiyo yaliyobadilika baadaye? Kwa Wakenya swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Rais wa kwanza wa nchi hii alizaliwa akiitwa Kamau wa Ngengi, akabatizwa Johnstone Kamau mwaka 1914, baadaye akajiita Johnstone Kenyatta, na dunia ikamjua kama Jomo Kenyatta. Tarehe yake ya kuzaliwa haijulikani mpaka leo. Rais wa pili alizaliwa Toroitich, akabatizwa Daniel, na “arap Moi” maana yake ni mwana wa Moi, jina la namna ambayo Wakalenjin huchukua baada ya kutahiriwa. Hakuna hata jina moja kati ya hayo lililo la uongo. Kijana aliyeandikishwa kwa jina la utotoni, kisha akatumia la ukubwani, jalada lake halina kosa. Anachohitaji ni karatasi inayounganisha majina hayo mawili na namba yake ya jeshi, kwa maana namba ndiyo uzi unaobaki ule ule majina yanapobadilika. Jina la baba yake jirani yangu ni jambo tofauti. Hilo liliandikwa kwa kusikia, na karani ambaye sikio lake halikuzizoea sauti za lugha ile, na hilo ni kosa la siku ile ile.

Kuhusu kitambulisho, nilishangaa kwamba hakikutosha. Nimeelewa sasa. Majirani wawili wakiwa na saa za ukutani, na kila mmoja akirekebisha yake kwa kuitazama ya mwenzake, saa hizo zitakubaliana daima na zote mbili zinaweza kuwa zimekosea. Kitambulisho cha mzee wa umri huo mara nyingi kilitolewa kwa makadirio, kwa maana uandikishaji wa vizazi vya Waafrika ulienea polepole, na wengi walizaliwa pasipo cheti chochote. Mwaka ulikumbukwa kwa njaa, kwa nzige au kwa rika la waliotahiriwa. Hati ya kiapo nayo imeapwa juzi, na mwenye ombi mwenyewe. Karatasi yenye uzito ni ile iliyoandikwa karibu na tukio, na mtu ambaye hakuwa na haja na matokeo ya leo.

Sheria ya Kenya inamsaidia mwombaji zaidi ya nilivyodhani. Ibara ya 35 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa habari za uongo au za kupotosha zinazomwathiri. Kufuta kumetajwa, naam, na hilo linaipunguzia nguvu kauli yangu ya kwamba kosa halifutwi. Lakini Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inazungumzia kusahihisha, kusasisha au kuongeza maelezo, tena kwa gharama ya taasisi yenyewe. Ibara ya 24 inaorodhesha haki ambazo kwa wanajeshi walio kazini zinaweza kuwekewa mipaka ya ziada, na ya 35 haimo katika orodha hiyo. Hata hivyo usalama wa taifa unabaki kuwa sababu halali ya kuzuia habari, na haki ya kusahihishiwa haina msaada mkubwa pale ambapo jalada lenyewe halipo. Moto wa Julai 1973 katika hifadhi ya nyaraka mjini St. Louis, Marekani, uliteketeza majalada kati ya milioni 16 na 18 ya wanajeshi wa Marekani, na tangu hapo makarani wamekuwa wakiyajenga upya kwa orodha za mishahara na karatasi nyinginezo.

Mzee alikuwa na karatasi ya zamani yenye uzito wa namna ile niliyoitaja, bila kujua thamani yake. Ilikuwa ndani ya Biblia ya marehemu mkewe: kadi ya ubatizo ya misheni, rangi ya kahawia, kona moja imeliwa na mende. Mwaka wa ubatizo ni 1957 na umri, kwa wino uliofifia, ni “miaka 7”. Chini yake padri ameandika jina la baba, herufi kwa herufi kama ukoo unavyoliandika. Kadi hiyo ilitangulia kuandikishwa kwake jeshini kwa miaka 12, wakati ambapo hakuna aliyewaza malipo ya uzeeni.

Tuliandika barua ya pili. Safari hii haikuomba kubadilisha chochote. Ilieleza ni nini kiliandikwa, kwa nini hakikuwa sahihi siku ile, na ni karatasi gani ya zamani inayoonyesha hivyo, na namba yake ya jeshi ikawekwa juu kabisa. Jibu lilikuwa ukurasa mmoja wenye mhuri, uliosema kwamba maandishi mapya yameongezwa na yatasomwa pamoja na yale ya 1969. Mzee ameukunja mara mbili na kuuweka ndani ya Biblia, mahali ilipokuwa kadi.